Roboti ya Kufuta Salamu

Mimi ni mtu wa swali kwanza. Nasema mapema ili tusije tukalaumiana. Kazi yangu, katika ofisi moja ya bima kule Carrollton, ni kupokea malalamiko ya wafanyakazi waliosusiwa na kompyuta zao, na mtu akinipigia akaanza na habari za mvua namkata katikati: mashine inasema nini? Mume wangu, ambaye ni muuguzi na hulipwa kwa subira yake, husema haraka yangu ni ya mtoto wa miezi saba. Sikuzaliwa miezi saba. Nilizaliwa kwa wakati wangu, na mama anasema nilitoka nimekunja ngumi.

Kwa hiyo Mtanzania mmoja wa Fort Worth alipofungua jukwaa la mtandaoni kwa ajili yetu sisi tunaosema Kiswahili huku Texas, mahali pa kusaidiana mambo ya simu na kompyuta, nilijiunga siku ileile. Tulimwita Msimamizi, na mwenyewe alipenda kuitwa hivyo. Masharti aliyabandika juu kabisa. Hakuna kusambaza maombi ya "usipowatumia wenzako utapata mkosi". Hakuna siasa za nyumbani. Hakuna kutangaza nyama ya mbuzi. Ukiuliza, taja aina ya simu yako na ulichojaribu tayari. Niliyasoma nikaona hapa sasa nimefika kwetu.

Mabishano yalikuwa matamu, siwezi kukataa. Tulibishana kama ni vizuri kusasisha simu siku toleo jipya linapotoka au kungoja wengine waumie kwanza. Tulibishana kuhusu kuacha simu kwenye chaji usiku kucha, na mtu na shemeji yake wakanuniana mpaka kanisani. Wakongo wa Houston walituma ujumbe mrefu wa sauti kueleza jambo la mstari mmoja, Wakenya wenzangu wakawajibu kwa vifupisho ambavyo hata mimi sikuvielewa, na Watanzania wakatusahihisha Kiswahili sote kwa upole wa kukera. Nilikuwa nacheka peke yangu dukani kwenye foleni ya kulipia sukuma wiki, watu wakiniangalia.

Kilichotuletea balaa ni salamu.

Mnajua tulivyo. Mtu wetu akiwa na shida huandika "Habari zenu ndugu," halafu anakaa. Anangoja. Kwake hiyo ni hodi, na hawezi kuingia na shida yake ndani ya nyumba ya watu kabla mwenyeji hajasema karibu. Na sisi wengine tukiona "habari zenu" bila swali, tunangoja swali. Yeye anangoja, sisi tunangoja, jioni inafika na hakuna aliyesema kitu. Msimamizi, ambaye amefanya kazi na wahandisi miaka mingi hadi amekauka kama mkate wa juzi, akaona dawa ya jambo hili ni programu. Akaunda roboti. Ukiandika salamu tupu, roboti inaifuta na kukutumia maneno haya faraghani: "Uliza swali lako moja kwa moja." Na huyu ni mtu wa Tanga, ambako huwezi kununua kiberiti bila kuulizana habari za watoto. Nilimpongeza hadharani, nikamwekea na alama za kupiga makofi.

Sasa, kulikuwa na mzee mmoja, Mrundi, anakaa Sharpstown kule Houston. Nitawaambia shida yake hapahapa, ingawa sisi wakati ule hatukuijua, kwa sababu bila hiyo mtadhani tulikuwa tunachezea jambo dogo. Mzee alifanya kazi ya kufua mashuka kwenye hoteli, kuanzia saa tisa na nusu alasiri mpaka usiku wa manane. Mke wake alikuwa mpishi katika jiko la shule, anatoka alfajiri na kurudi saa nane mchana. Mmoja akiingia, mwingine anavaa viatu. Walikuwa na saa moja tu ya pamoja kwa siku wakiwa macho, na hiyo saa mama alikuwa jikoni anamkaangia mumewe cha kubeba kazini. Wameishi hivyo tangu walipotoka kambi ya wakimbizi Tanzania kuja huku. Ndipo hoteli ikatafuta mkuu wa chumba cha kufulia, kazi ya mchana, na jina la mzee likapendekezwa. Mahojiano yalikuwa ya video, na wakubwa wa jimbo lingine, Ijumaa saa nane na nusu mchana. Akipata, angekula chakula cha jioni na mke wake. Asipopata, mwaka mwingine wa kupishana mlangoni.

Hoteli ilimtumia ukurasa wa majaribio: ongea, mashine ikurekodi, halafu ikusikilizishe sauti yako. Mzee alivaa koti, akakaa mbele ya kompyuta, akasema Kiingereza chake alichokifanyia mazoezi. Mashine haikumrudishia kitu. Akasema tena kwa sauti ya juu. Kimya. Basi Jumatatu akaja kwetu, akasalimia kwa Kirundi na Kiswahili: "Amahoro. Habari zenu ndugu zangu." Akaweka simu chini akangoja aitikiwe.

Roboti ikafuta. Jumanne akasalimia tena, ikafuta tena, na kila mara akapata yale maneno makavu: uliza swali lako moja kwa moja. Kwao, na hata kwetu ukinibana, mtu asiyeitikia salamu yako ana neno na wewe. Na mtu anayekwambia "sema shida yako" bila hata kukutazama ni askari au ni karani. Mzee alikaa akajipekua, akatafuta ni wapi amemkosea nani. Jumatano akaandika: "Ndugu zangu, kama kuna niliyemuudhi humu ndani, naomba anisamehe. Mimi sikujua." Hiyo haikuwa salamu, kwa hiyo roboti iliiacha.

Moto ukawaka. Mmoja akauliza mzee amefanya nini. Mwingine, ambaye pia hakujua, akasema kama ameomba msamaha basi yeye mwenyewe anajua alichofanya. Mkenya mwenzangu akaandika kwamba matapeli ndivyo wanavyoanza, leo msamaha, kesho namba ya kadi. Ndipo mama mmoja Mtanzania akagundua kwamba salamu za mzee zilikuwa zinafutwa, akaandika kwa utulivu wa kutisha: "Salamu hainunuliwi dukani. Mnaibania ya nini?" Hapo jukwaa likapasuka katikati, Salamu Kwanza upande huu, Swali Kwanza upande ule. Mkongo mmoja akatuma ujumbe wa sauti kututetea sisi wa Swali Kwanza. Niliusikiliza mpaka mwisho, na nusu yake ilikuwa salamu.

Mimi ningenyamaza vipi? Niliandika kwamba sina ugomvi na salamu, ila iandamane na swali, kama sukari na chai. Nani anakula sukari kwanza halafu anangoja chai? Niliona nimesema vizuri sana. Papo hapo likaja jibu: "Kuna watu wanakunywa chai bila sukari maisha yao yote na tunaishi nao." Watu wakaweka vikatuni vya kucheka kwa machozi. Aliyeandika ni mume wangu. Alikuwa kwenye kochi letu, nyumbani Mansfield, na miguu yangu ilikuwa juu ya mapaja yake.

"Si ungeniambia hapa?" nikamuuliza.

"Hapa hunipi nafasi ya kumaliza sentensi," akasema, bila kuinua macho. "Kule angalau nina-type mpaka mwisho."

Niliiondoa miguu yangu. Nikamjibu kulekule jukwaani, akanijibu, nikamjibu. Tuliendelea hivyo hadi chakula kikaiva, na mtu wa Dallas tusiyemjua akatusihi tuheshimiane. Mabishano yale yalikuwa marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, watu walileta Biblia, walileta mababu, mmoja alileta mchoro wa mishale akionyesha muda unaopotea kwa salamu moja. Lakini katika maneno yote hayo, hakuna hata mmoja aliyemuuliza mzee alitaka nini. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Hakuna isipokuwa mume wangu, na yeye hakuuliza. Alimwandikia faraghani: "Amahoro mzee. Za Houston?" Mzee akaitikia kwamba Houston ni salama, ila joto. Akauliza za Mansfield. Mume wangu akasema Mansfield nako ni salama, ila joto. Wakaulizana kazi, afya, watoto, wazazi waliobaki nyumbani, parokia, mvua. Waliendelea hivyo jioni nzima na asubuhi iliyofuata, wanaume wawili wasiojuana, na shida yenyewe ilitoka Alhamisi karibu na adhuhuri, kwenye mkia wa maneno, mzee akisema kwamba hata hivyo si jambo kubwa.

Siku hiyo nilikuwa nafanyia kazi nyumbani na yeye alikuwa na mapumziko. Akaja akasimama mlangoni mwa chumba ninachofanyia kazi.

"Mzee wako ana interview kesho," akasema, "na kompyuta yake haimsikii."

"Mzee wangu tangu lini?"

Akanieleza yote: hoteli, kufua, saa moja ya pamoja, ukurasa wa majaribio. Nilikasirika vibaya. Nilimkasirikia Msimamizi na roboti yake, nikamkasirikia mzee kwa adabu zake, nikamkasirikia na mume wangu kwa kuulizana mvua na mtu anayezama. "Kesho?" nikasema. "Na wewe tangu jana unamuuliza habari za parokia?" Akaniambia kwa upole kwamba mtu hang'olewi shida kama jino, na nikamwambia aende akanipigie huyo mtu kwa video sasa hivi. Akasema mzee ameomba iwe saa nane, wakati uleule wa mahojiano, kwa sababu ndipo tatizo linapotokea. Hilo lilinishangaza. Kompyuta haijui saa.

Saa nane na dakika chache mzee alitokea kwenye kioo cha kompyuta yangu. Alikuwa mtu mwembamba, amevaa koti la suti, shati limefungwa hadi kooni, amekaa wima kama anayepigwa picha ya pasi. Aliweka mkono kifuani na midomo ikaanza kwenda. Nilichosikia ni vitunguu vinakaangwa. Si kidogo, sufuria nzima, mafuta yanachekelea, na juu yake mwanamke anaimba wimbo wa kanisani kwa Kirundi, sauti ya pili, kwa raha zake.

Nilimwangalia mume wangu, mume wangu akaniangalia. Mzee bado alikuwa anasalimia, midomo inakwenda, na kinywani mwake inatoka sauti ya mwanamke na ya vitunguu, harufu tu ndiyo iliyokosekana.

"Mzee," nikasema, "nani anakaanga?"

Mzee hakutikisika. Kuimba ndiko kulikokatika.

"Ni mimi," sauti ya mwanamke ikanijibu. "Na wewe ni nani unaongea ndani ya wimbo wangu?"

Hapo nikaelewa, na nikaanza kucheka kabla sijaweza kueleza. Mama alikuwa na vile vidude vya masikioni visivyo na waya, alivyonunua asikilize nyimbo akipika. Vilikuwa vimeshikana na simu yake, na siku moja vikashikana na kompyuta pia, wala hakuna aliyejua. Akiwa kazini, kompyuta ilitumia masikio yake yenyewe. Akirudi saa nane na kuingia jikoni, kompyuta ilimfuata yeye. Mzee akaongea sebuleni, mashine ikasikiliza vitunguu. Mashine ikarudisha sauti, ikaipeleka jikoni. Mama alikuja kuniambia kwamba wiki nzima alikuwa anasikia wimbo wake unarudi masikioni baada ya kuuimba, akadhani ni baraka.

Alitokea nyuma ya mumewe, mwiko mkononi, akainama kuniona vizuri.

"Mama, vua hivyo vya masikioni," nikamwambia haraka. "Kisha mzee abonyeze—"

"Kwanza tusalimiane," akasema.

Niliangalia saa. Mzee alitakiwa kutoka saa tisa kamili. Mume wangu, nyuma yangu, aliniwekea mkono begani, na najua alikuwa anafurahia. Basi nilisalimia. Nilisalimia kama ninavyosalimia kwa mama mkwe: za nyumbani, za kazi, za watoto, mmeshindaje, miguu inaendeleaje na kusimama kutwa. Aliniitikia kila moja kwa utulivu, hakuruka hata moja, kisha akaniuliza zangu zote, nami nikajibu. Ndipo akavua vile vidude, nikamwelekeza mzee pa kubonyeza ili kompyuta iviache, na kwa mara ya kwanza nikamsikia.

"Mnanisikia?" akasema.

Alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, sauti nzuri kabisa. Sikutegemea, na machozi yakanilenga. Nikamwambia tunakusikia, mzee. Akashusha pumzi. Kisha akaweka mkono kifuani na kuanza salamu upya, kwa sababu zile za kwanza nilikuwa sijazisikia.

Tukafanya mazoezi kwa dakika zilizobaki. Nikajifanya bosi, nikamwambia kwa Kiingereza, hujambo, nieleze kuhusu kazi yako. Akanieleza hali yake yote ya siku ile, na akaniuliza yangu, na kama wazazi wangu wako hai. Nikamsimamisha. Nikamweleza kwamba wenyeji wa huku wakikuuliza hali yako hawangoji jibu. Unasema nzuri, unapita.

"Kwa nini wanauliza, basi?" akaniuliza. Hakuwa anabishana, alitaka kujua.

Nikageuka kwa mume wangu, naye alikuwa anaangalia dari. "Sijui, mzee," nikasema. "Ndivyo walivyo." Akatikisa kichwa kwa huruma, nadhani alituonea huruma sote, akachukua chakula chake na kwenda kazini.

Ijumaa saa nane na nusu ilinikuta ofisini Carrollton nimeshindwa kufanya kazi. Mtu alinipigia kulalamika kuhusu mashine ya kuchapisha, nikajikuta namuuliza anaendeleaje. Jioni mume wangu akapata ujumbe: mahojiano yamekwisha, walimsikia vizuri, majibu watayatoa baadaye. Nikataka kumpigia nijue waliuliza nini, alijibu nini, bosi alikuwa na uso gani. Mume wangu akaninyang'anya simu.

Mwisho wa juma, kwa ruhusa ya mzee, mume wangu aliandika jukwaani habari yote. Msimamizi aliaibika, lakini ni mtu wa programu, kwa hiyo aliaibika kwa programu. Aliirekebisha roboti ili badala ya kufuta salamu iwe inaitikia: "Salama. Na wewe, habari?" Mzee akaja na salamu yake. Roboti ikaitikia na kuuliza. Mzee akajibu na kuuliza. Roboti haichoki, na mzee hakutaka kuwa wa kwanza kukata. Walisalimiana mchana mzima wa Jumapili, watu wanaangalia, wengine wanahesabu, mpaka Msimamizi akaizima kwa mkono. Siku hizi anaitikia mwenyewe. Ni mzito, anaitikia kwa neno moja, lakini anaitikia. Kuhusu mimi, bado ni mtu wa swali kwanza, na nimeshasema hivyo jukwaani tangu wakati ule, zaidi ya mara moja.

Majibu yalichelewa. Nilikuwa nimeanza kukata tamaa, nimeshapanga hata maneno ya kumfariji, simu ilipolia alasiri moja na kwenye kioo akatokea mama, si mzee. Alikuwa amekaa mezani. Akanisalimia. Nikaitikia huku namchunguza, lakini uso wake haukuonyesha kitu. Akaniuliza kazi, nikasema nzuri. Akaniuliza mume wangu, nikasema yupo. Akaniuliza mama yangu kule nyumbani, nikasema anaendelea, na chini ya meza nilikuwa nimekunja ngumi kama siku niliyozaliwa. Mwisho akasema, kana kwamba ni jambo la kawaida, "Mzee wamempa. Ameanza jana."

Nilimwambia nimefurahi, na nilikuwa nimefurahi mpaka nikasimama.

"Jana jioni tumekula pamoja," akaendelea. "Nimepika ndizi na maharage, nimeweka sahani mbili. Tumekaa, yeye pale, mimi hapa. Tukaangaliana. Dada, hatukuwa na la kusema. Miaka yote mimi naongea na mgongo wake na yeye anafunga viatu." Akatabasamu kidogo, akapangusa meza ambayo haikuwa na kitu. "Basi akanisalimia. Amahoro, mama. Nikaitikia. Akaniuliza za kazi, nikamweleza, kumbe hata hajui kwamba tulishahamishwa kutoka jiko lile. Na mimi nikamuuliza goti lake. Sikujua ni goti gani linalouma. Chakula kikapoa, nikakipasha moto, kikapoa tena."

Tukaagana vizuri, na kuagana nako kulichukua muda wake.

Nilipotoka chumbani, mume wangu alikuwa kwenye kochi amezama kwenye simu, anabishana na mtu kuhusu kusasisha. Nilikaa karibu yake. Nilijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mimi na yeye tuliulizana kitu kisichokuwa funguo ziko wapi au nani atachukua watoto. Sikukumbuka.

"Habari yako?" nikamwambia.

Vidole vyake vikasimama. Akainua macho, akanichunguza usoni, kisha akaweka simu chini taratibu.

"Umegonga gari?" akaniuliza.